Sampuli ya Naseeb

Uso wa mama yake ulikuwa juu ya kaunta, ndani ya nailoni, katikati ya makopo ya mafuta ya nywele. Ulikuwa umechapwa kwenye fulana nyeupe. Murielle aliigusa kwa ncha ya kidole.

"Ni nini hii, Monsieur Naseeb?"

Naseeb, mchapaji Mtanzania mwenye kiduka chake mtaa wa pili, alisimama, kofia mkononi. Miguuni pake kulikuwa na boksi zima la fulana hizo.

Mwezi mzima wauzaji walikuwa wamemganda Murielle kama kupe. Yeye ndiye aliyechagua bidhaa na mifuko ya duka hili la jumla katikati ya Johannesburg, kwa hiyo kila mwenye kitu cha kuuza alitafuta kioja cha kumfanya amtazame. Mmoja alimletea kiatu cha mguu wa kushoto, eti cha kulia atapewa siku watakayokaa kuzungumza. Upuuzi mtupu. Mwingine aliingia amevaa kama chupa ya shampuu, akacheza ndombolo mbele ya wateja. Na huyu Naseeb, aliyetaka kazi ya kuchapa mifuko ya duka, alileta keki yenye uso wa Murielle mwenyewe, picha aliyoichomoa WhatsApp. Wafanyakazi walilikata jicho lake wakalila huku wakilamba vidole. Murielle alikwenda kutapika chooni.

Sasa jitu hili limefika kwa mama.

Angalau kesho angeondoka. Kwa miaka kumi na moja hakuwa amemwona mama yake, karatasi zake za ukaazi zikipigwa danadana, na hata zilipotoka nauli haikuwepo. Jana mumewe Gustave, mtu wa kufikiria wiki nzima kabla ya kununua soksi, alirudi nyumbani kwao, mtaa wa La Rochelle hapo hapo Johannesburg, na tiketi za familia nzima kwenda Lubumbashi.

"Usimpigie," Gustave alimwambia. "Simu yake imeharibika. Tumshtukize tu mlangoni."

Usiku huo furaha ilimnyima Murielle usingizi. Alitaka kitu kimoja tu duniani: aingie ule ua, mama ainue macho kutoka kwenye ungo wake wa sombe, majani ya muhogo, amtambue.

"Picha hii uliiiba wapi?" sasa alimuuliza Naseeb.

"Sikuiba, Madame. Nilipewa."

"Weye hauna mama? Unachukua mama ya watu unamufanya tangazo ya mifuko?"

"Leo sikuja kuuza."

"Ndivyo munasemaka bote."

Wateja wawili waliacha kuchagua rasta, wakageuka kutazama. Murielle alitamani kumtemea mate. Watu gani hawa, wasio na haya, wanaochokora simu za wenzao kutafuta sura za wazazi ili wauze mifuko? Alilisukuma lile boksi kwa mguu mpaka mlangoni.

"Ondoa uchafu wako. Na ile mifuko, hata ukiichapa bure sitaki."

Naseeb hakuliinua. Alijifuta uso kwa kofia.

"Madame, fulana ni hamsini na zimeshalipiwa. Simu ya mumeo haipatikani tangu asubuhi, na kesho mnasafiri, ndiyo maana nikazileta hapa. Nilidhani unajua."

"Bwana yangu?"

"Ndiye aliyeagiza, jana."

Murielle aliichana nailoni kwa meno. Hata Gustave ameambukizwa huu wendawazimu? Fulana hamsini za kumshtukiza mama mtu mzima, aliyezoea kujificha hata akipigwa picha ya harusi? Leo Gustave atajieleza. Aliikung'uta fulana ikafunguka, akaigeuza.

Mgongoni kulikuwa na tarehe mbili. Ya kwanza ilikuwa siku aliyozaliwa mama. Ya pili ilikuwa Jumanne, juzi hii.