Wanafunzi Thalathini wa Koplo Hafidh

Nazi ya arubaini na moja ikapasuka, paa! Wanawake wakasema "Mashaallah" kwa pamoja, na Koplo Hafidh akanyoosha mkono kuomba ya arubaini na mbili.

Mkono wenyewe ulishavimba kama mkate wa boflo. Lakini angeacha vipi? Jeshini walimtuma Micheweni afungue darasa la karate la raia, na leo adhuhuri Meja anakuja kukagua. Asipokuta wanafunzi ishirini, darasa linafungwa na Hafidh anarudi jikoni kambini, kumenya viazi vya kikosi kizima. Miaka miwili alivimenya. Mpaka leo akiona kiazi, kichwa kinamgonga.

Siku tano alirusha mateke peke yake uwanjani na nguo zake nyeupe, kuku wakimtazama. Hakuja mtu. Jana, kwa kukata tamaa, akapasua nazi moja kwa ubavu wa mkono mbele ya Bi Ummkulthum aliyekuwa akipita zake.

Bi Ummkulthum akasimama. Akaviokota vile vifuu viwili, akavigeuza huku na huku.

"Mwanangu, hii bahati au kazi yako?"

"Kazi yangu, Bi."

"Na ukipasua moja, ndo ushachoka?"

"Mwanajeshi hachoki."

"Haya. Kesho asubuhi tutakujia."

Wakaja kweli. Wanawake thalathini, mapakacha vichwani, na kila pakacha limejaa nazi zilizokwisha kufuliwa makumbi. Hafidh akaandika majina yote daftarini kwa furaha.

"Kwanza tunyooshe viungo," akasema. "Mguu wa kushoto mbele!"

"Tuoneshe kwanza weye," akajibu mmoja wao, Bi Mize. "Sie wengine twajifunza kwa macho."

Basi akawa anapasua na kueleza kwamba nguvu hutoka tumboni, na wao wanaitikia "Ehee" na kumsogezea nyingine. Bi Mize alikuwa mkali kuliko sajini yeyote. "Hii umeiponda. Katikati, mwanangu, katikati!" Bi Ummkulthum akikinga maji kwa bakuli na kuhesabu. Hafidh akajiambia, hawa wana nidhamu ya kutisha. Mwaka haupiti atawapeleka Unguja kwenye mashindano.

Ilipopasuka ya mia na ishirini, jua lilikuwa utosini.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Ummkulthum. "Umetuweza. Kapumzike sasa."

"Meja akija mtarudi?"

"Tupo hapo hapo, nyuma ya nyumba ile ya Mzee Bakar, pembeni mwa uwanja. Hatwendi mahali."

Meja akaja. Uwanjani kuku tu. Hafidh akafungua daftari kwa mkono wa kushoto, akamwonesha majina thalathini, kisha akamwongoza nyuma ya nyumba ya Mzee Bakar, kulikokuwa na kelele za wanafunzi wake.

Walikuwepo wote, mistari miwili imenyooka, kila mmoja amekaa juu ya mbuzi yake anakuna nazi, na masufuria makubwa ya wali wa harusi yameshatelekwa mekoni. Bi Ummkulthum akainua uso, akampima Meja kuanzia kofia hadi buti.

"Karibuni, karibuni! Na huyu mwenzio, Koplo, naye ni wa nazi, au yeye wa kuni?"