Gwaride la Ngiri

Huko kwa ngiri, desturi ni kuingia shimoni kinyumenyume ili meno yabaki mlangoni. Mkubwa wa walinzi wa milangoni alikuwa Bi Mashavu, na katika zamu zake hakuna fisi aliyethubutu kuingiza pua.

Siku moja fisi walileta mjumbe, eti kuzungumza amani. Jemadari wa ngiri akaamuru jeshi lote lijitokeze uwanjani kwa gwaride.

"Hata walinzi?" Bi Mashavu akauliza.

"Hata walinzi. Mjumbe akiona jeshi dogo, kesho tumeliwa."

"Jemadari, watoto wamo mashimoni."

"Bi mkubwa, panga mstari."

Akapanga, roho juu. Ngiri wakapita mbele ya mgeni mikia imesimama, ardhi ikitetemeka. Fisi alikagua uso mmoja baada ya mwingine. Bi Mashavu akaona wazi kwamba haogopi. Anatafuta.

"Jeshi kubwa, mheshimiwa," mjumbe akasema mwishowe. "Ila nadhani hii ni nusu tu. Wengine mmewaacha mashimoni."

Bi Mashavu akafungua mdomo aseme ndiyo, lakini Jemadari akamwahi.

"Hatufichi mtu sisi," akasema, kifua mbele. "Kila mwenye meno yuko hapa."

Mjumbe akainama kwa heshima. "Ahsante. Nilitumwa kuuliza hilo tu."

Kisha akacheka, kile kicheko kirefu cha fisi anayeita wenzake, na kutoka vichaka vya upande wa mashimo kikajibiwa.

Bi Mashavu alikuwa ameshaanza kukimbia.