Kanda ya Tisa Ina Maji

Jumatatu hiyo kanda ya tisa ilikuwa imepata maji tena, na kwa kosa hilo kubwa mtu alikuwa karibu kufukuzwa kazi.

"Ratiba ya mgao inasema kanda ya tisa ni Jumapili tu," alisema meneja wa mamlaka ya maji, akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Mtaalamu. Mtaalamu si jina alilopewa na wazazi wake. Alijipa mwenyewe, na ofisi ikachoka kubishana naye. "Mtu anaingia kwenye tovuti yetu, anabadilisha Jumapili iwe kila siku, na mafundi wanafungua koki kwa kuwa kompyuta imesema. Ni nani?"

"Genge, bosi. La kimataifa."

"Genge la kimataifa linataka maji ya kanda ya tisa?"

"Hawa huwa wanaanzia mbali."

Meneja alishusha pumzi. "Jioni nikikuta tundu analoingilia bado lipo, tutaagana kwa wema. Ukiliziba, kile cheo cha Mkuu wa Usalama ni chako."

Tundu lenyewe lilikuwa kazi ya mikono ya Mtaalamu, ila hakuna aliyemuuliza, naye si mtu wa kujisifu kwa kila kitu. Kwenye tovuti kulikuwa na kisanduku cha kutafutia: mwananchi anaandika mtaa wake, anaambiwa siku yake ya maji. Mtaalamu alikuwa ameichukua sentensi ya kuiuliza hifadhidata, akaiunganisha moja kwa moja na chochote atakachoandika mwananchi. Ni kama kumpa mtu karatasi ya dukani uliyokwisha kuisaini, umwachie aijaze mwenyewe. Muungwana ataandika sukari. Mjanja ataandika sukari, na funguo za duka, na muuzaji mtiifu atatoa vyote.

Tundu hilo alilijua siku nyingi. Hata nyumbani aliwahi kulisimulia wakati wa chakula, huku akicheka hadi machozi, kwamba alama mbili tatu tu zingetosha kuwaingiza watu ndani, lakini wapi, watu wenyewe hawana akili hiyo. Mkewe alikuwa akikunja shuka, hata macho hakuinua.

"Kwani kanda ya tisa ni wapi hasa?" karani wa meza ya jirani aliuliza.

"Kwa wakubwa. Wapi kwingine?"

Ramani ilikuwa ghorofa ya tatu kwa wahandisi, na ngazi ni ngazi. Wala yeye hakuwahi kutafuta siku yake mwenyewe ya mgao, kwa sababu kwake maji yalitoka tu. Mwenye nyumba wao alikuwa na tangi kubwa jeusi juu ya paa, na Mtaalamu alipenda kuwaasa wenzake waliolala na ndoo kwamba mtu mwenye akili hutazama paa kabla ya kuuliza kodi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mchana mkewe alipiga simu. Alikuwa na biashara ya kufua shuka za nyumba za wageni, pale pale uani, na wanawake wawili aliowaajiri. Mtaalamu aliiita "vipovu vyako", ingawa vipovu ndivyo vilivyolipa kodi ya nyumba. Mshahara wake yeye ulitunza gari, na gari likatunza heshima.

"Leo utachelewa?"

"Nafukuza genge. Mambo ya usalama, mama watoto, huwezi kuyaelewa." Walikuwa wamesoma darasa moja, fani ile ile, lakini hayo yalikuwa ya zamani.

"Haya, linda taifa. Mimi nina mzigo wa ile hoteli mpya, wanataka shuka kesho asubuhi. Nikiwaangusha mara hii ya kwanza, hawarudi tena."

Basi Mtaalamu, kwa hofu ya kweli, alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini: alilifanya inavyotakiwa. Aliitunga sentensi ya kuuliza ikiwa kamili, na pengo moja mahali pa jina la mtaa. Hifadhidata ikaipokea kwanza, ikaielewa, ikaisaini. Ndipo maneno ya mwananchi yakaletwa peke yake kujaza pengo, yakiwa maneno tu. Sasa mjanja akidai funguo za duka, muuzaji atatafuta mtaa unaoitwa Funguo za Duka, asiuone, na aombe radhi kwa adabu.

Akairudisha kanda ya tisa kwenye Jumapili yake, na mafundi wakaenda kufunga koki. Akajaribu kuingia kwa hila zote alizozijua, ambazo hazikuwa nyingi. Akashindwa. Meneja akampa mkono, na Mtaalamu alifurahi kiasi cha kutaka kulia.

Nyumbani alipitia uani moja kwa moja ili asikawie kusifiwa. Shuka zilikuwa zimelala kwenye mabeseni, zimejaa povu. Wale wanawake wawili walikuwa wamekalia ndoo zilizopinduliwa. Mkewe alikuwa ameshika bomba.

"Msalimieni Mkuu wa Usalama!" alisema Mtaalamu.

Bomba lilikohoa, likanyamaza.

"Kwani tangi limekauka?" aliuliza, akitazama juu ya paa.

"Tangi lile limetoboka tangu tuhamie. Njiwa wanataga humo. Sisi ni kanda ya tisa." Mkewe alijifuta povu mikononi, taratibu, kidole kwa kidole. "Hebu niambie. Umechuja zile alama tu, au umeipeleka sentensi kwanza na maneno baadaye?"

"Sentensi kwanza," alijibu Mtaalamu, kabla hajajua anajibu nini.

"Miaka yote hii," alisema mkewe, "namwomba Mungu uandike kazi safi hata siku moja tu. Ukaichagua leo."