Kisu Kilichoazimwa

Nyanya zetu zilikuwa zinanyauka zikiwa bado kijani, na udongo ulikuwa na maji ya kutosha.

Bwana shamba alikata kipande cha shina, akakishikilia ndani ya glasi ya maji. Mimi na mke wangu tukainama kutazama. Uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuteremka kutoka kwenye shina, taratibu, bila kukatika.

"Hao ndio bakteria," alisema. "Wana kitu kama sindano. Wanachoma seli ya mmea, wanaingiza protini zao ndani, na ulinzi wa mmea unalala. Hapo wanafanya watakavyo."

"Kumbe ni wezi wanaomlewesha mlinzi," mke wangu akasema.

"Na wanahama kwa kisu. Mnachopogolea kiko wapi?"

Mke wangu akanigeukia. "Wifi alikiazima asubuhi. Anapogolea zake."

Nilitoka mbio bila viatu. Dada yangu ana watoto wanne na shamba hilo tu.

Nilimkuta ameinama, kisu mkononi, vidole vimegandwa na utomvu.

"Kaka, mbona unahema hivyo? Umefukuzwa na mbwa?"

Alikuwa na mistari kumi na miwili ya nyanya. Alikuwa amebakiza mmoja.