Kijikaratasi cha Njano

Rais alifungua jalada, akatafuta kijikaratasi cha njano, hakukiona. Kwa miaka kumi na mmoja katibu muhtasi wake alikuwa akikibandika kila mahali panapotakiwa saini, na yeye akisaini bila kusumbuka.

"Umesahau?"

"Sijasahau, Mheshimiwa. Leo tafuta mwenyewe."

Basi akapekua, na katika kupekua akajikuta anasoma muswada wenyewe. Raia haruhusiwi kuoa wala kuolewa na mgeni. Waliokwisha kuoana wana siku tisini za kuachana.

Mshauri wake alikohoa. "Tukikataa, wabunge arobaini wanatuhama na bajeti inaanguka. Saini tu, mzee. Tutairekebisha baada ya uchaguzi."

"Sheria hii ni mbovu."

"Mbovu kabisa," mshauri akakubali, akatazama saa.

Rais alifikicha macho. Mume wa katibu alizaliwa ng'ambo ya mpaka. Siku walipooana, Rais, wakati huo diwani tu, ndiye aliyekuwa shahidi. Saini yake ingali kwenye cheti chao.

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo. Atanipitia saa kumi, kama kawaida."

Mstari wa saini ulikuwa ukurasa wa kumi na nne. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono.

"Niletee hivyo vijikaratasi vyako."

Katibu akamletea. Rais akabandua kimoja, akakibandika kando ya mstari, akakipitishia kidole gumba taratibu mpaka kikakaa sawasawa, kisha akachukua kalamu.