Ukuta wa Soko

Kamera ilipofungwa kwenye nguzo ya soko, hakuna aliyejali. Ndipo Tabu, mchora mabango, akachora ukutani yote ambayo kamera inayaona: muuza dagaa akipiga miayo, wapenzi wakinong'onezana, mjane akijifuta machozi. Watu wakajaa, kila mmoja akijitafuta.

"Huyu mimi," alisema muuza dagaa. "Kumbe inaniona hivi kutwa?"

Bwana Shamte, msimamizi wa soko, alikuja na ndoo ya chokaa aufute mchoro. Akajiona mchoroni humo, amesinzia kitini.

"Picha zetu anaziangalia nani?" mjane akamuuliza.

"Sijui, mama. Hata mimi sikuwahi kuuliza."

Akaweka ndoo chini, akamwomba Tabu brashi. Umati ukasogea, wengine wakipanda juu ya makreti, wamwone msimamizi akiliandika ukutani swali lile la mjane kwa herufi kubwa.