Mkoba wa Kushoto

Fundi alipofungua boliti ya mwisho, mkoba wa ngozi wa pikipiki ulianguka puu, kama mzee aliyechoka kusimama.

"Huu umeliwa na joto la ekzosi," alisema. "Masanduku magumu ya plastiki ndiyo haya, hata mvua ya mawe hayaijali."

Binti aliuokota. Ekzosi ilikuwa upande wa kulia, na huu ulikuwa mkoba wa kushoto. Tena haukuungua popote. Ngozi ilikuwa imebonyea mahali pamoja tu, laini, kama pa kuwekea yai. Akatia kidole gumba humo, akaduwaa.

"Mama, hiki nini?"

Mama yake, muuguzi mstaafu aliyezunguka vijijini na pikipiki hiyo akipeleka chanjo, alicheka pale kwenye benchi.

"Kisigino chako hicho. Sikuwa na wa kumwachia mtoto, nikawa nakupakia nyuma. Ukiugonga mkoba, najua uko macho. Ukinyamaza, nasimama, nakufunga mgongoni."

Binti aliutazama tena. Ngozi ya ng'ombe mzima, imesalimu amri kwa kisigino cha mtoto!

Masanduku yalifungwa, yakimeremeta. Binti akashika usukani, mama akajipandisha nyuma taratibu, magoti yakimlalamikia, wakaingia barabarani.

Hawajafika kona ya kwanza, upande wa kushoto plastiki ngumu ikalia: ko, ko, ko.